Vigae vya sakafu: nichague vipi, na niepuke vipi kubanduka na madoa?

Mwenye Nyumba Mpya aliuliza:

Salaam wanajukwaa. Tunamalizia nyumba yetu, na jamvi, yaani zege la sakafu, limemwagwa wiki mbili zilizopita. Mume wangu amependa vigae vya sentimita 60 kwa 60 vinavyong'aa kama kioo, naye anataka vitandikwe nyumba nzima, bafuni na barazani vikiwemo. Mimi nasita, kwa sababu nyumba tunayopanga sasa ina sakafu ya aina hiyo hiyo, na mtoto wetu amekwisha kuteleza mara mbili akitoka kuoga. Isitoshe, mianya iliyo kati ya vigae imegeuka myeusi, na vigae vitatu karibu na mlango wa jikoni vinatoa mlio wa debe tupu ukivikanyaga na viatu. Muuzaji ameniambia kwamba anavyotuuzia ni vya daraja la kwanza. Nilipomuuliza ni daraja la kwanza kwa kigezo gani, alirudia maneno yale yale kwa sauti ya juu zaidi. Naomba kujua vigezo vya kweli vya kuchagulia, na namna ya kuitunza sakafu ili isifikie hali ya hii ya sasa.

Fundi Pimamaji alijibu:

Dada, hongera kwa kufika hatua hiyo. Naanza na jambo ambalo hukuliuliza: jamvi la wiki mbili bado ni changa. Saruji husinyaa kadiri inavyokauka, na desturi ya kazi hii ni kusubiri siku 28 kabla ya kutandika chochote juu yake, kwa sababu kigae kigumu kilichoshikana na sakafu ambayo bado inasinyaa hakina budi kupasuka au kuachia.

Ule mlio wa debe tupu hausababishwi na ubovu wa kigae hata kidogo. Fundi aliyevitandika aliweka madonge matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati, akakibandika kigae na kukigonga mpaka kikalala sawa na wenzake. Kwa juu kazi inapendeza, lakini chini pamebaki mapango, na siku sufuria itakapoanguka juu ya pango hilo, kigae kitapasuka. Gundi hutandazwa kwa mwiko wa meno, mistari yake yote ikielekea upande mmoja, kisha kigae husukumwa mbele na nyuma kuikata mistari hiyo ili ilale na kujaa. Kazi ikianza, mwombe fundi wako akinyanyue kigae kimoja alichokwisha kukibandika, nawe utazame mgongo wake. Vyumba vikavu vinahitaji gundi iwe imeshika walau asilimia 80 ya mgongo, na bafuni au barazani asilimia 95. Fundi anayeijua kazi yake hatakasirika kuombwa hivyo.

Sasa vigezo. Cha kwanza ni kiasi cha maji ambacho kigae hunywa. Vigae vya poseleni hunywa asilimia 0.5 ya uzito wake au chini ya hapo, ilhali vigae vingi vya ukutani hunywa zaidi ya asilimia 10, ndiyo maana havifai sakafuni hata vikiwa na ua zuri namna gani. Dukani, kigeuze kigae na udondoshee maji mgongoni mwake: yakitoweka papo hapo na kuacha doa jeusi, hicho si poseleni. Cha pili ni ustahimilivu wa kusuguliwa, ambao kwa vigae vyenye tabaka la kioo juu hupimwa kwa ngazi za PEI, kuanzia 0 hadi 5. Sebuleni ngazi ya 3 inatosha. Jikoni na mlangoni, ambako watu huingia na mchanga kwenye viatu, ningechukua ya 4.

Cha tatu ndicho kinachonihangaisha zaidi katika mpango wa mumeo, yaani utelezi. Vigae vingi huandikwa alama ya R9 hadi R13, na namba ikipanda utelezi hupungua. R9, iliyo ya chini kabisa, inafaa chumba kikavu tu. Bafuni tafuta R10 au zaidi, na kwenye baraza inayopigwa na mvua R11. Kwa sehemu ya kuogea ningependekeza vigae vidogo, kwani mianya yao mingi huupa mguu mahali pa kushika, na ni rahisi kuvilaza kwenye mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Kigae cha 60 kwa 60 hakipindi. Hapo fundi hulazimika kukikata mshazari, au maji yakabaki yametuama kwenye kona.

Msafi wa Nyumba alijibu:

Fundi amemaliza ya kutandika, nami niseme ya kusafisha, kwa sababu niliyajua kwa hasara. Tumezoea kuita vigae vyote marumaru, na neno hilo ndilo lililoniponza. Nilisoma kwamba siki huondoa ukungu wa chokaa kwenye marumaru, nikaimwaga kwenye sakafu ya chumba cha mbele, ambayo kumbe ilikuwa ya marumaru ya kweli, yaani jiwe. Jiwe hilo ni la jamii ya chokaa, na asidi hulila. Palibaki miduara iliyofifia ambayo hakuna dekio linaloweza kuitoa. Ilibidi jiwe lisuguliwe upya kwa mashine. Poseleni huistahimili siki, lakini grauti ya saruji, yaani ule ujazo wa mianya iliyo kati ya vigae, haiistahimili: ukiizoesha asidi, inalainika na kumomonyoka kidogo kidogo.

Kwa mianya iliyokwisha kuwa myeusi, changanya magadi ya kuokea na maji kidogo mpaka yawe uji mzito, paka, acha kwa dakika chache, kisha sugua kwa mswaki wa nailoni na usuuze. Brashi ya waya usiiguse. Ukilazimika kutumia dawa ya klorini, fungua madirisha, na usiichanganye kamwe na siki wala asidi yoyote, kwa maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Jambo jingine, sakafu inayoonekana imefifia mara nyingi haina uchafu, bali ina sabuni. Watu humimina sabuni nyingi kwenye ndoo moja na kupiga deki nyumba nzima kwa maji yale yale, yakikauka yanaacha utando unaonasa vumbi. Weka sabuni kidogo tu, badilisha maji yakichafuka, kisha pitisha dekio la maji matupu.

Mwenye Nyumba Mpya aliandika:

Nawashukuru sana. Mume wangu amesoma majibu yenu na amekubali vya kung'aa vitandikwe sebuleni na vyumbani tu. Limebaki moja: fundi wetu anasema atavibananisha vigae bila kuacha mwanya wowote, ili uchafu usipate pa kukaa. Je, hilo linawezekana?

Fundi Pimamaji alijibu:

Kuwezekana linawezekana, ila usilikubali, dada. Sakafu hutanuka na kusinyaa kwa joto na unyevu, na vigae vilivyobanana havina pa kwenda isipokuwa juu. Nimewahi kuitwa kwenye sebule ambako safu nzima ilikuwa imeinuka katikati kama paa la hema. Hata vigae vilivyokatwa kingo zake kwa mashine vinahitaji mwanya wa milimita 2 au 3. Kando ya kuta zote acha pengo la milimita 6 hivi lisilojazwa saruji wala grauti; skatingi, yaani ule ukanda wa chini ya ukuta, italifunika.

Hofu yake ya uchafu hutibiwa kwa grauti yenyewe. Jikoni tumia grauti ya epoksi, yaani ya gundi ngumu badala ya saruji, ambayo hainywi mafuta. Ni ghali na hukauka upesi, kwa hiyo mabaki yafutwe juu ya kigae kabla hayajashika. Kwingine ya saruji inatosha, mradi ipakwe dawa ya kuzuia maji ikishakauka. Kila baada ya muda idondoshee tone la maji: likisimama kama shanga, dawa ingalipo, likinywewa, paka tena.

Kabla hujalipia vigae, soma namba ya toleo na ya rangi kwenye kila boksi, zifanane zote, na ununue asilimia 10 ya ziada. Toleo likiisha, rangi ile ile hasa huwa vigumu kuipata tena, kwa hiyo boksi litakalobaki lihifadhi stoo.