Klabu ya video shuleni: tuanze na simu au kompyuta?

Ticha_Tanga: Wadau, habari za leo. Nafundisha sekondari huku Tanga na nimepewa ruhusa ya kuanzisha klabu ya video, wanafunzi 24, kila Jumatano saa 9 alasiri. Wanafunzi hawaruhusiwi simu, ila nina simu 4 za Android za kazi hiyo tu. Maabara ina kompyuta 6 za RAM GB 4, na intaneti ni ya kubahatisha. Nasita kati ya programu tatu za kuhariri video: CapCut kwenye simu, au Kdenlive na DaVinci Resolve kwenye kompyuta. Nataka wapate msingi hasa.

FundiRangi: Resolve iweke kando, mkuu. Mimi naitumia kila siku na toleo la bure linatosha kabisa, wala halibandiki nembo yake juu ya video. Lakini inataka RAM GB 16 na kadi ya picha ya maana. Kwa GB 4 kipindi kitaisha inafunguka.

BintiPwani: CapCut. Mtoto anarekodi na kukata kwenye kifaa kilekile, jioni ana kazi ya kuonyesha. Tatizo ni templeti, yaani mipangilio iliyoandaliwa tayari: anamwaga picha, zinakatika zenyewe kufuata muziki, ukimuuliza kwa nini amekata pale hana jibu. Zikataze muhula wa kwanza.

Mkata_Picha: Ticha, wiki mbili za mwanzo usifungue programu yoyote. Wape zoezi la kumimina chai: shoti 5 (yaani vipande vitano vya kurekodi), zirekodiwe kwa mpangilio zitakavyoonekana, bila kuhariri. Kundi langu la kwanza lilisimama mlangoni likarekodi dakika 3 mfululizo, na kikombe hakikuonekana. Mara ya pili binti mmoja alipiga magoti mezani: mkono unashika birika, birika linainama, chai inaingia kikombeni, mvuke, uso wa anayesubiri. Hapo ndipo nikawaonyesha mahali pa kukata. Kata birika likiwa linainama, mwendo uanze shoti ya kwanza umalizikie ya pili, jicho halitaona mkato. Ukisubiri litulie, kila mtu anauona.

Baada ya hapo nenda Kdenlive, na uwashe proksi, yaani nakala nyepesi za video za kufanyia kazi. Kompyuta zako zitapumua.

Na taa za tyubu! Umeme wetu ni wa hezi 50. Kama simu inaruhusu, weka fremu (picha moja moja za video) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu, sekunde 1/50, vinginevyo michirizi itatembea ukutani.

Sauti_Kwanza: Mmesahau sauti. Maiki ya earphone chini ya kola, sentimita 15 hivi kutoka mdomoni, inaishinda maiki ya simu iliyo mita 2 mbali. Ukirekodi sauti kwa simu nyingine, piga kofi moja mbele ya kamera, utaoanisha sauti na picha hapo. Video za simu mara nyingi idadi ya fremu zake kwa sekunde hupanda na kushuka, midomo ikaachana na sauti kwenye kompyuta. Zipitishe HandBrake kwanza, programu ya kubadilisha video, uchague idadi ya fremu isiyobadilika.

Ticha_Tanga: Ahsanteni sana. Basi ni chai wiki mbili, halafu Kdenlive, wanafunzi wanne kwa kompyuta. CapCut nitaiacha kwa siku za mahafali. Mkata_Picha, hao wanne nawagawaje mbele ya kipanya kimoja?

Mkata_Picha: Kila mmoja akate shoti moja, kisha ampishe mwenzake. Wengine watatu wamwambie wapi, yeye asimame na kuwasikiliza kabla hajabofya.

BintiPwani: Na wa aibu awe wa kwanza, tafadhali. Akichelewa hapati zamu.