Barafu za matunda kwa watoto asubuhi badala ya chai na maandazi: Kigoma na Tabora, tupeane uzoefu

MamaPacha Gungu
Wadau habari za asubuhi. Mada hii nimekumbushwa na bibi yao. Kaingia uani saa moja kasoro, kakuta wajukuu zake wamekaa kwenye ngazi, sare zimeshavaliwa, kila mmoja analamba barafu. Akashika kiuno: "Yaani mama yenu kashindwa hata kuinjika maji ya chai?" Nikamwambia mama, humo ndani kuna ndizi mbivu, mtindi, pasheni na karanga za kusaga, sukari hata chembe. Wapi. Kaondoka kanuna.

Hawa watoto asubuhi hawali. Uji wanaukoroga mpaka unaweka utando, andazi wanamega pembe moja basi. Lakini tunda hilohilo wanalolikataa kwenye sahani, likigandishwa wanagombania. Kwa hiyo usiku nasaga, namimina kwenye vikombe vidogo, nachomeka kijiti, asubuhi kila mtu na chake.

Mnaofanya hivi mnaweka nini, na yapi yamewakuta? Wa Tabora karibuni pia. Maembe yenu yanavyooza chini ya miti kila msimu yananiuma roho.

Mwisho wa Reli
Siti ya mbele. Nina barafu ya ukwaju mkononi.

Mzee wa Ng'ambo
Mwangaluka. Nitasema ukweli hata mkinichukia. Tumbo la mtoto likiamka linataka cha moto. Ukilipa barafu unakiita kichomi kwa jina lake. Sisi tumekula matobolwa na maziwa ya moto, tukatembea kwenda shule, na mafua haya ya kila wiki hatukuyajua. Bibi yupo sahihi.

Nesi Mstaafu
Shikamoo mzee wangu. Mafua na kichomi vinaletwa na vijidudu, havitoki kwenye ubaridi. Mwenye pumu anaweza kukohoa akilamba cha baridi sana, huyo muangalieni. Mimi kinachonitisha kwenye barafu ni maji. Watu wengi wanaamini kugandisha kunaua vijidudu. Hakuui. Vile vya homa ya matumbo vinaweza kukaa hai ndani ya barafu, mtoto akilamba ameshavimeza. Maji yawe ya ziwa, ya kisima au ya bomba, yachemshwe kwanza yapoe, ndipo usagie. Na tunda lioshwe kabla ya kumenywa, maana kisu kinasukuma uchafu wa ganda mpaka ndani.

Mzee wa Ng'ambo
Marahaba mwanangu. Lakini kichomi nimekiona kwa macho yangu.

Mwisho wa Reli
Kikitoka kwenye barafu?

Mzee wa Ng'ambo
Wewe kijana sikujibu.

Bi Mdogo Ujiji
Mmenitonesha. Ngoja niseme yangu, nilikuwa sijawahi kumsimulia mtu nje ya familia.

Ilikuwa usiku wa kuamkia Idd. Mnajua Ujiji asubuhi ya Idd, watoto wa mtaa mzima wanapita nyumba kwa nyumba kutaka sikukuu. Nikasema mwaka huu kwangu hawapewi pipi, watapewa barafu za embe za maana. Embe za mti wa uani, zile zenye nyuzi, nimesaga, nimechuja, nimechuja tena kwa kitambaa, nikatia tui la nazi kidogo na iliki. Nikazipanga kwenye friza, safu kwa safu. Na friza yenyewe ni moja, ya ukoo mzima, kila mwenye kitu anafungua.

Sasa shemeji yangu ni mvuvi. Karudi usiku wa manane na migebuka, watu tumelala. Katafuta pa kuiweka, juu kabisa pana nafasi, kaitandaza juu ya barafu zangu, bila mfuko, bila hata gazeti. Kalala zake. Umeme ukakatika. Ukarudi alfajiri.

Mnaelewa kilichotokea hapo katikati. Migebuka ilitoa maji yake, maji yakashuka taratibu kwenye vikombe, umeme uliporudi vikaganda upya vizuri kabisa, rangi ileile ya embe. Shemeji kaamka mapema, katoa samaki wake, kafuta friza na kitambaa kwa ustaarabu wote, kaenda kuswali. Mimi nitajuaje?

Watoto wakaja. Wakasema Idd mubaraka, wakapewa, wakatoka nje. Nikasikia kimya. Idd, watoto wengi vile, na kimya! Nikachungulia dirishani. Mmoja anamtazama mwenzake. Mwingine amenyoosha mkono mbali na mwili kama ameshika panya. Kadogo kamoja kanauliza, "Ni ya dagaa?"

Hapo nikakimbilia kuwanyang'anya. Vikombe vyote nimevikusanya, nageuka ndani, namkuta mama mkwe wangu kwenye mkeka, kanzu yake mpya ya Idd, anamalizia ya kwake. Kailamba mpaka kijiti. Kanitazama, kasema, "Ahsante mwanangu, ina ladha ya nyumbani."

Mpaka leo sijui alikuwa ananisitiri au ananisema.

Kibirizi Beach
Alikuwa anakusema.

MamaPacha Gungu
Dada Bi Mdogo nimecheka mpaka machozi, pole. Mama mkwe yule anastahili pepo.

Nesi Mstaafu
Mimi sijacheka. Maji ya samaki mbichi kwenye chakula ambacho hakipikwi tena ni ugonjwa. Mlichofanya cha maana ni kuwanyang'anya. Samaki akae chini ya friza, kwenye chombo chenye mfuniko, vya kulamba vikae juu. Na kilichoyeyuka msikigandishe upya mkampa mtoto.

Mha wa Heru
Harufu ya mgebuka haina mpinzani. Kwangu imeshaingia mpaka kwenye mkate.

Mwisho wa Reli
Embe zenyewe zinawezekana ni za uzao wa ule mwembe waliokutania Stanley na Livingstone mwaka 1871, halafu mnazitia maji ya samaki. Historia inawatazama.

Usafi Kwanza
Nimesoma wote, sijaona anayesema vifuko. Hizi barafu za mia zimejaa vifuko mitaroni Mwanga yote. Mifuko ya plastiki imekatazwa tangu tarehe 1 Juni 2019, nyie bado mnafunga fundo.

Mama Lishe Kasulu
Katazo lile ni la mifuko ya kubebea. Usituchanganyie.

Usafi Kwanza
Mtaro ukiziba unauliza kilikuwa cha kubebea au cha kulambia?

Mama Lishe Kasulu
Wewe una mshahara. Mimi barafu zimenisomeshea watoto. Niletee vikombe na vijiti nitaacha vifuko leo jioni.

Usafi Kwanza
Hapo umenibana. Lakini mtoto wa nyumbani mpe kwenye kikombe tu.

Binti Unyanyembe
Turudi kwenye mada jamani. Tabora tunayo matunda ambayo Kigoma mnayasikia tu. Ntalali! Unaziloweka kwenye maji ya moto, unazipekecha kwa mkono mpaka nyama iachane na kokwa, unachuja. Rangi yake ni kahawia nzito, usiogope. Ukigandisha inakuwa na utamu fulani wa ndani ndani ambao embe haina. Ubuyu nao ni hivyohivyo, ila tumieni unga mweupe wa ndani ya kibuyu, msitumie ule wa kukaangwa na rangi nyekundu. Ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa. Na mwisho tia asali yetu kijiko kimoja.

Nesi Mstaafu
Asali nzuri, lakini mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe hata ya kuonja. Inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo lake changa haliziwezi.

Binti Unyanyembe
Hata ya Tabora?

Nesi Mstaafu
Hata ya Tabora, mama. Nyuki hawajui mkoa.

Kijana wa Cheyo
Mimi hii mada naisoma nikiwa nimeshika ulimi. Mnaongelea harufu ya samaki, hamjaona mtoto kanasa.

Nyumbani Cheyo tulikuwa na friji ya zamani, ile chumba cha barafu kina kuta za bati tupu. Mama alikuwa anatutengenezea barafu za embe kila jioni, asubuhi tunapewa. Siku hiyo mdogo wangu kaamka kabla ya watu. Kavuta stuli, kapanda, kafungua. Sasa usiku kikombe kimoja kilikuwa kimemwagika, embe imeganda ukutani mwa friji, njano inang'aa. Mtoto akaona kwa nini asumbuke na vijiti. Akatoa ulimi wote akalamba ukuta.

Ukanasa.

Tulisikia sauti, siyo kilio, maana kilio kinahitaji ulimi. Ni "aaaaa" moja ndefu. Tumefika jikoni, kichwa kiko ndani ya friji, miguu inachezacheza kwenye stuli, stuli yenyewe inayumba. Baba akasema mshikeni, akamshika mabega avute...

Gari limefika, nipo stendi. Narudi.

MamaPacha Gungu
WEWE! Rudi hapa!

Mha wa Heru
Huwezi kumwacha mtoto ndani ya friji ukapanda gari.

Kibirizi Beach
Hii chai. Ulimi gani unanasa Tabora na joto lile.

Fundi Majokofu
Joto la nje halihusiani. Friza ikifanya kazi vizuri ndani ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri, na bati linanyonya joto la ulimi haraka kuliko damu inavyolirudisha. Mate yanaganda hapohapo. Inawezekana kabisa. Nikiwa hapa: nyie mnaobandua barafu kwa kisu acheni. Ukuta ule una mrija wa gesi ndani, ukiutoboa friji ndiyo imekufa. Zima, acha mlango wazi, iyeyuke yenyewe.

Kibirizi Beach
Bado nasema chai.

Mama Lishe Kasulu
Wakati tunamsubiri muungwana, nanasi na maziwa msichanganye vikiwa vibichi, vinakuwa vichungu kama shubiri. Papai nalo lina tabia hiyohiyo. Chemsha nanasi kwanza kidogo, lipoe, ndipo uweke mtindi. Sukari wekeni, baridi inaficha utamu. Barafu isiyo na sukari mtoto anaitema.

MamaPacha Gungu
Wangu hawatemi. Ndizi iliyoiva mpaka ganda lina madoa meusi inatosha utamu, tena inafanya barafu iwe laini, haiwi jiwe.

Fundi Majokofu
Sukari ikizidi haigandi vizuri, inabaki uji. Ndiyo maana kuna wateja wananiita friji mbovu kumbe juisi ni sukari tupu.

Mzee wa Ng'ambo
Na karanga?

MamaPacha Gungu
Kumbe mzee bado upo! Karanga nachambua, zenye ukungu au zilizosinyaa natupa, kuna sumukuvu. Nakaanga, nasaga laini kabisa ili isimpalie mtoto. Kipande kizima sitii.

Mzee wa Ng'ambo
Nauliza tu.

Kijana wa Cheyo
Nimerudi, nimepata siti ya dirishani. Tuliishia wapi? Baba anataka kuvuta. Mama akamzuia kwa mwiko, kamgonga mkono kabisa. Bibi akatoka chumbani, hata hakushangaa. Akachukua birika la chai, akajaribu kwa kidole chake kwanza, vuguvugu, akaanza kummiminia mtoto taratibu pale ulimi ulipokutana na bati. Chai ikamwagika ndani ya friji, kwenye nyanya, kwenye maziwa, kila mahali. Ulimi ukaachia. Ulivimba kidogo, siku mbili tatu akawa anaongea kama ana kiazi mdomoni.

Baba akatangaza barafu marufuku nyumba hii. Mdogo wangu, na ulimi wake umevimba, akamuuliza mama kama zilizobaki zitagawanywa.

Kibirizi Beach
Kumbe ni chai kweli, ya birika.

Nesi Mstaafu
Bibi alifanya sawasawa. Maji ya vuguvugu, na usivute, ngozi ya juu ya ulimi itabaki kwenye bati. Ya moto pia usitumie.

Bi Mdogo Ujiji
Basi yangu ya samaki imekuwa ndogo. Mmenisahau.

Mwisho wa Reli
Hatukusahau, tunamkumbuka mama mkwe.

Mama Lishe Kasulu
Vuguvugu hilohilo linatumika barafu ikigoma kutoka kwenye kikombe. Chovya kikombe kidogo, zungusha kijiti, inatoka nzima. Watu wanagonga kikombe ukutani bure.

Mha wa Heru
Swali: vijiti mnapata wapi? Nimezunguka soko lote, nimekuta vya mishikaki tu.

Usafi Kwanza
Vya mishikaki vina ncha, kata ncha zote mbili kabla hujampa mtoto. Au chomeka kijiko cha chai, ukimaliza unaosha. Hakuna taka.

Fundi Majokofu
Kijiko cha bati? Baada ya hadithi yote hiyo ya Cheyo?

Usafi Kwanza
Cha mbao basi!

MamaPacha Gungu
Mimi natumia vya mbao. Bibi yao kapiga simu sasa hivi, anauliza kama friza ina nafasi, ana parachichi nyingi anataka kuleta. Wa Buhigwe au Kasulu anayeshuka mjini wiki hii anibebee nanasi, nitampokea stendi na hela yake.