Sura za jamii za kubuni kwenye gemu: wabadilishe, ila wasizifanye zote ziwe binadamu

Wakuu, salaam kutoka Mtwara.

Vibanda vingi vya gemu hapa mjini ni mpira mwanzo mwisho. Lakini tupo tunaocheza gemu za hadithi ndefu, zile zenye majitu ya pembe, paka wanaotembea kwa miguu miwili na ork wa kijani, na ubishi wetu ni huu: watengenezaji wanapotoa toleo jipya na kuzibadilisha sura jamii tulizozizoea, wanatuboreshea au wanatuharibia? Ubishi ulipamba moto tangu Dragon Age: The Veilguard ilipotoka Oktoba 2024, na mpaka leo haujapoa.

Nautoa msimamo wangu mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Kubadilisha ni ruksa. Ninachokipinga ni mabadiliko yanayoondoa ugeni wa mwili, mpaka jamii nzima inabaki kuwa binadamu aliyepakwa rangi.

Tuanze na Khajiit, jamii ya watu-paka kwenye The Elder Scrolls, mfululizo wenye gemu za Arena, Morrowind, Oblivion na Skyrim. Kwenye Morrowind ya mwaka 2002, mguu wa Khajiit ulikuwa wa paka kweli: anasimamia vidole, kisigino kimenyanyuka juu, goti limeinama. Mguu wa namna hiyo hauingii kiatu. Ukichagua Khajiit, au Argonian wenye umbo la mjusi, buti huvai, na kofia ya chuma inayoziba uso mzima huvai vilevile. Unapigana pangoni mpaka unaokota buti zenye uchawi, halafu unaishia kuziuza kwa sababu haziwahusu watu wa aina yako. Inaudhi, sikatai. Ila kila ilipokuudhi ulikumbuka kwamba wewe humo ndani si binadamu, na ulimwengu ule haukutengenezwa kwa kipimo chako. Ikaja Oblivion mwaka 2006, mguu ukanyooshwa, ukawa wa mtu wa kawaida mwenye mkia nyuma, na buti zote zikaingia. Wengi walifurahi. Mimi naona hapo ndipo Khajiit alipoanza kuwa vazi tu.

Wanaonipinga huniuliza: kwani asili ni ipi? Kwenye Arena ya mwaka 1994 Khajiit alikaribia kabisa kuwa binadamu, kwa hiyo hata mguu ninaoutetea ulikuwa mabadiliko. Hoja hii ni nzito na ndiyo inayonifanya nisiwe upande wa wale wanaotaka kila kitu kibaki kilivyokuwa. Hadithi ya gemu yenyewe inaeleza kwamba umbo la Khajiit hufuata hali ya miezi miwili, Masser na Secunda, wakati anapozaliwa, na ndiyo maana wapo wa maumbo mengi, wengine kama watu, wengine paka kabisa. Maelezo hayo nayapenda kwa sababu yanaongeza, hayafuti. Sasa kama maumbo ni mengi kiasi hicho, mbona mchezaji wa Oblivion na wa Skyrim anapewa moja tu, na ni lile lile linaloingia kwenye buti?

Rafiki yangu wa Lindi ana hoja nyingine, na ameitoa nyumbani. Anasema hata mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa aliyefukuliwa kwao Lindi, amebadilishwa sura na hakuna aliyeandamana. Ni kweli. Mifupa ile ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi mpaka bandari ya Lindi, ikapelekwa Berlin. Mwaka 1937 ikasimamishwa, viwiko vya mbele vimetanuka na mkia umelala chini. Baadaye ikavunjwa na kuungwa upya, na tangu mwaka 2007 amesimama miguu ikiwa imenyooka kama nguzo, mkia hewani, kichwa kiko zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni. Ni mnyama yule yule mwenye mkao mwingine.

Namjibu hivi: pale kuna mifupa. Wataalamu walirudi kwenye mifupa, wakapima, wakaona mkao wa kwanza haukuwa sahihi. Khajiit hana mfupa hata mmoja ardhini. Kinachoweza kutuhukumia ni mchezo wenyewe: mwili huu mpya unamfanya mchezaji aishi tofauti au la? Ndiyo maana Qunari, yale majitu ya pembe ya mfululizo wa Dragon Age, nawatetea kwa nguvu zote, ingawa walibadilishwa kuliko wote. Mwaka 2009 kwenye Origins, Qunari tuliyesafiri naye, Sten, alikuwa mtu mkubwa mwenye nywele nyeupe, hana pembe. Mwaka 2011 kwenye Dragon Age II wakatokea na mapembe makubwa. Wachezaji walilalamika. Ila hadithi ikatoa sababu, kwamba Sten ni katika wale wachache waliozaliwa bila pembe, na Inquisition ya mwaka 2014 ikaenda mbele zaidi: ukicheza kama Qunari, kofia huvai. Badala yake unajipaka usoni vitaar, rangi ya vita ambayo ni sumu kwa jamii nyingine. Pembe zimekunyima kitu na zikakupa kitu ambacho mwenzako hana. Wangebadilisha namna hiyo kila mwaka nisingenung'unika. Na hapo hapo ndipo ninapowalaumu kwa The Veilguard, maana Qunari wa humo, kwa macho yangu, ni nyuso za watu zilizolainishwa halafu zikabandikwa pembe.

Kuna badiliko moja ambalo halihitaji mjadala mrefu, hasa kwa sisi watu wa pwani. Ocarina of Time, gemu ya Zelda ya kampuni ya Nintendo ya mwaka 1998, ina Gerudo, watu wa jangwani waliojulikana kwa wizi, na alama yao ilikuwa mwezi mwandamo na nyota. Kwenye hekalu la moto la gemu hiyo hiyo, muziki ulikuwa na sauti za watu wakitamka takbira. Nintendo iliziondoa sauti zile kwenye matoleo yaliyofuata, na alama ya Gerudo nayo ikaja kubadilishwa. Walifanya vyema. Imani ya watu walio hai si pambo la kuwavika wezi wa kubuni, na anayedai kwamba hapo kuna sanaa iliyopotea aje atuambie ni sanaa gani.

Wanaosema jamii za kubuni lazima ziwe na sura moja ya kudumu ningewapeleka kwa wachongaji wa Kimakonde. Mtindo wa shetani, ambao mwanzilishi wake hutajwa kuwa Samaki Likankoa, tangu miaka ya 1950 haujawahi kuwa na sura moja. Huyu ana jicho moja, yule mdomo umeshuka mpaka kifuani, mwingine mkono umeota mgongoni, na mchongaji akitaka anaacha ule mti mweupe wa nje wa mpingo uwe ukingo wa sikio. Hakuna wawili wanaofanana. Na bado ukimwona unamjua kuwa ni shetani, kwa sababu hakuna mchongaji aliyemnyoosha ili afanane na mnunuzi. Hicho ndicho ninachowaomba watu wa studio.

Najua gharama ipo. Mguu wa paka unataka kila buti litengenezwe upya, pembe zinataka kila kofia itobolewe, na mwendo wa mwili nao uanze upya. Studio ikisema haina fedha za kutengeneza miili sita tofauti, naielewa. Lakini basi isitengeneze jamii kumi. Itengeneze nne zenye miili ya kweli. Au ifanye kama studio ya Blizzard mwaka 2018 kwenye World of Warcraft, walipompa ork chaguo la kusimama wima bila kumnyang'anya kibyongo anayekitaka.

Wenye maoni tofauti karibuni. Zaidi ningependa kuwasikia mlioanzia Skyrim, ambao hamkuwahi kucheza na mwili unaokataa kiatu: mkipewa gemu mpya yenye Khajiit wa Morrowind, mtamchagua, au mtaona ni usumbufu wa bure? Na ukisema ni usumbufu, nieleze ulimchagua Khajiit kwa sababu gani.

Nawasilisha.