Kozi ya kuchambua data za tabia na afya ya jamii, nianzie wapi?

Kibondo255:
Habari zenu wadau. Niko halmashauri idara ya afya, kazi yangu kubwa ni kujumlisha MTUHA (takwimu za huduma za vituo vya afya) na kuingiza kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kuzitunza, hiyo naiweza. Shida ni data za tabia. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wamepita kaya kwa kaya na dodoso la vyandarua, makaratasi yamejaa mezani na bosi anataka ripoti, na kila nikijumlisha naishia kuandika "wengi hawalali kwenye chandarua, elimu itolewe", yani ile ile ya mwaka jana. Nataka kusomea huu uchambuzi vizuri, niende uzamili au kuna njia nyingine? Eksel naijua, SPSS (programu ya takwimu) kidogo.

mama_takwimu:
Mkuu ukipata nafasi ya uzamili wa afya ya jamii pale MUHAS, chuo kikuu cha afya Muhimbili, usiiache, ila usikae kuisubiri. Weka R kwenye laptopu, ni programu ya kuchambua takwimu na ni bure. Pakua ripoti ya TDHS-MIS 2022, utafiti wa kitaifa wa kaya kuhusu afya na malaria, ya NBS na OCGS (ofisi za takwimu za bara na Zanzibar), fungua sura ya malaria, halafu ukikuta usajili uko wazi jisajili kwenye tovuti ya DHS, mpango wa kimataifa wa tafiti hizi, uombe data ghafi za huo utafiti ujaribu kuzitoa mwenyewe zile namba za kwenye majedwali mpaka zifanane. Usisahau uzani, yani namba inayosema kila kaya ihesabiwe kwa uzito gani; iko kwenye safu ya hv005, unaigawa kwa milioni moja, maana kuna mikoa yenye watu wachache imechukuliwa kaya nyingi kuliko uwiano wake, ukiacha uzani picha ya taifa inapinda.

jirani_wa_ziwa:
Naunga mkono, ila kwa shida yako kuna kitu kinatangulia programu yoyote: tenganisha kuwa nacho na kukitumia. Chandarua kimoja kinahesabiwa watu wawili. Chukua kaya imelala watu 6 ina vyandarua 2, wenye nafasi ni 4, na jana waliolala ndani ya chandarua ni 4. Ukijumlisha kienyeji unaona wawili wakaidi wanahitaji elimu, kumbe hao hawana pa kulala, wanahitaji chandarua! Sasa kaya nyingine ina watu 4, vyandarua 2, wamelala ndani 2 tu, hapo ndo kuna suala la tabia na hapo ndo unauliza kwa nini, joto, kimechanika, au mtu alikuwa ziwani usiku anavua dagaa. Kijiji kizima kinaweza kulaumiwa bure kwa sababu aliyechambua hakugawa hivyo, na inaniuma sana kuona hela za vyandarua zinaishia kwenye semina na vipeperushi.

Kibondo255:
Asante sana aisee. Sasa dodoso letu limeuliza tu "mnatumia chandarua?" ndiyo au hapana, idadi ya waliolala haipo. Naokoaje?

mama_takwimu:
Hilo swali kila mtu anajibu ndiyo kumfurahisha aliyekuja, hasa akiwa muhudumu wa kijiji hicho hicho. Kwa hayo makaratasi andika ulichonacho na useme wazi hayawezi kutenganisha uhaba na tabia. Kisha omba vitongoji vichache virudiwe, muhudumu aorodheshe waliolala hapo usiku wa jana, aombe kuoneshwa kila chandarua, aulize kwa kila kimoja nani alilala humo. Na aandike mwezi, maana kiangazi na masika watu hawalali sawa. Ukishazipata leta safu zako hapa bila majina ya watu, tutakuonesha kuziandika kwenye R.