Ripoti ya madeni ya zahanati iingie ukurasa mmoja, inawezekana?

Mhasibu_Ngamiani: Salaam wakuu. Zahanati yetu hapa Tanga ina wagonjwa wa bima, wafanyakazi wa kampuni mbili wanaotibiwa kwa mkopo, na wachache wanaobakiza hela. Bosi anataka ripoti ya madeni kila mwezi. Natoa karatasi ndefu ya Excel, jina kwa jina, hakuna anayeisoma. Nipunguze vipi?

Karani_Chumbageni: Mistari iwe ya walipaji, si wagonjwa. Kila bima mstari wake, kila kampuni wake, wanaojilipia wote mstari mmoja. Kisha safu za umri wa deni: siku 0–30, 31–60, 61–90, 91–120, zaidi ya 120. Fomula ya Excel ya kujumlisha kwa masharti, SUMIFS, inatosha.

Umri uhesabu tangu siku ya huduma. Ukihesabu tangu fomu za madai zilipopelekwa kwa mlipaji, zile zilizolala mezani kwa daktari zikingoja saini hutaziona kabisa. Tarehe ya kupeleka ipe safu yake. Hapo utajua anayechelewesha ni nyinyi au mlipaji.

Juu kabisa weka namba moja: deni lote, gawanya kwa wastani wa bili za mkopo kwa siku. Mfano deni ni milioni 54, bili za mkopo za siku 90 ni milioni 90. Wastani milioni 1 kwa siku, kwa hiyo deni ni sawa na bili za siku 54. Mauzo ya taslimu usiyatie humo, yataipendezesha namba bure.

BiHesabu: Kwa kampuni napingana kidogo: mikataba mingi huhesabu tangu ankara ipokelewe, kwa hiyo barua za kuwadai zifuate tarehe hiyo.

Kubwa zaidi ni malipo ya mkupuo. Bima ikilipa, usiingize kiasi kizima. Gawa fomu kwa fomu kwa kufuata taarifa ya malipo, la sivyo fomu iliyolipwa itaendelea kusoma deni. Makato nayo, yaani kiasi ambacho bima imekataa kulipa, yatenganishe. Saini iliyosahaulika, namba ya uthibitisho iliyokosekana, dawa isiyoendana na ugonjwa ulioandikwa: hayo katia rufaa kabla muda wa mkataba haujaisha. Bei iliyozidi ya mkataba hairudi. Ifute kwa idhini ya bosi, isikae safu ya 120 kana kwamba itakuja.

Mhasibu_Ngamiani: Ahsante sana bibie. Na mgonjwa aliyeweka amana ikazidi bili?

BiHesabu: Salio la mgonjwa huyo litasoma hasi. Ondoa hasi hizo kwenye jumla, zitameza deni la wengine. Ziandike chini, mstari wake: fedha za kurudishia wagonjwa.