Sambusa za kabla ya futari zilizowahi kukuumbua: tupeane uzoefu

Wakuu, naanza mimi.

Mwaka wa kwanza wa ndoa nilialikwa kufuturu ukweni, Tanga. Adhana ya Magharibi, tende, uji wa pilipili manga, halafu likaja sinia: sambusa, katlesi, bajia za kunde. Mimi mtu wa Tabora nikajua ndiyo futari yenyewe. Ya saba nikaacha kuhesabu. Wenzangu wamekula mbili mbili, wamenawa, hao wanakwenda kuswali. Tunarudi, mkeka umejaa: mihogo ya nazi, tambi, ndizi, samaki wa kupaka. Mama mkwe akanipakulia mwenyewe. "Kula baba, mbona hujala kitu." Nilikula nimefungua kifungo cha suruali chini ya kanzu. Mpaka leo mashemeji wananiita Bwana Saba.

Haya, mwageni ya kwenu.

Mke wa Baharia: 😂😂 Pole Bwana Saba. Mie yangu ya jikoni, Mombasa, mbele ya wifi. Nyama ya kusaga nimeitia vitunguu vyote mapema, ikatoa maji, nikasema yatakauka tu. Nikafunga ikiwa bado ya moto. Kuingia kwenye mafuta, kona zikaachia moja baada ya nyingine, karai likawa linarusha nyama. Wifi alizima jiko bila neno. Kesho yake ndipo akanikalisha: nyama ikaushe na tangawizi, thomu na ndimu mpaka ichambuke, iepue, kisha ndio utie vitunguu na kotimiri, na ipoe kabisa. Kona ziba kwa uji mzito wa unga wa ngano. Ukiacha tundu la sindano, mafuta yataliona.

Kijukuu: Niko Muscat, huku nako Ramadhani bila sambusa haiendi. Manda (zile karatasi za unga za kufungia sambusa) zilizogandishwa zimejaa madukani ila bibi, mzaliwa wa Unguja, hazigusi. Anasukuma zake, anazipanga kwa mafuta na unga, anazibabua kidogo kwenye chuma, anazibandua zingali moto. Mimi nikijaribu zinachanika, vidole vinaungua, naambiwa nina mikono ya ofisini.

Kachori Daima: Sambusa zina mambo mengi. Mimi kachori tu: chemsha viazi, ponda, viringa, chovya kwenye uji wa unga wa dengu, kaanga. Ukwaju pembeni. Basi.

Mpishi wa Shughuli: Napika harusini Dar. Adui yangu ni mpiga picha. Maharusi wanapigwa picha ufukweni saa mbili nzima, ukumbini sambusa zinapoa na kulegea, lawama kwa mpishi. Siku hizi nazikaanga nusu mchana, namalizia nikisikia honi za msafara.

Bwana Saba: Mpishi, huwa unapiga ngapi kwa kichwa?

Mpishi wa Shughuli: Mbili. Ila ukija wewe, naiambia kamati mapema iongeze bajeti.