Ulinganisho: mashine ya theluji, koleo, au kumlipa mtu wa greda? Punguzo linaisha Jumamosi

Mnyalukolo (Jumatatu, saa 3:10 usiku)
Wakuu, salaam. Mwezi wa nane nilihamia kusini mwa Buffalo nikitokea Houston, na tumenunua nyumba. Kule theluji nimeiona mara moja tu, hapa majirani wameanza kunitisha. Nimebaki na njia nne:
1. mashine ya theluji ya petroli
2. mashine ya theluji ya betri
3. koleo peke yake, tujikaze
4. kumlipa jamaa mwenye pikapu yenye greda (lile bamba la mbele la kusukuma theluji) kwa msimu mzima

Duka moja lina punguzo mpaka Jumamosi. Ipi bora? Naomba waliozoea wanishauri.

Mzee Kibo (Jumatatu, saa 3:41 usiku)
Karibu, kijana. Niko Syracuse mwaka wa 19 huu. Swali lako halijibiki bado. Njia ya gari ina urefu gani? Ni lami, zege au kokoto? Ina mteremko? Anayetoka wa kwanza asubuhi anatoka saa ngapi? Una banda la kuhifadhia mashine? Na kubwa kuliko yote, nani atashika hilo koleo?

Wa Nyeri (Jumatatu, saa 4:02 usiku)
Petroli, ya hatua mbili, basi. Niko Minneapolis, nimekuwa na yangu tangu 2013 na haijawahi kuniangusha. Ile ya hatua moja, parafujo la mbele ndilo linakwangua chini na ndilo linarusha, kwa hiyo theluji ikipita sentimita 20 inaanza kukohoa. Ya hatua mbili parafujo linakusanya, halafu feni ya nyuma ndiyo inarusha kupitia bomba. Unatupa mpaka mita 10 na zaidi. Betri ni ya watu wenye njia fupi ya lami.

Mnyalukolo (Jumatatu, saa 4:15 usiku)
Asante mkuu. Shikamoo Mzee Kibo. Njia ni ya wastani tu. Magari ni mawili.

Mzee Kibo (Jumatatu, saa 4:20 usiku)
Marahaba. "Wastani" si kipimo. Kesho toka na futi.

Mama Furaha (Jumanne, saa 12:35 asubuhi)
Bandugu, nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, lakini hii siwezi kuiacha. Kaka wa Minneapolis, theluji yenu nyingi ni kavu. Huku kwetu ni ya ziwa. Upepo wa baridi unapita juu ya Ziwa Erie likiwa bado na joto, unabeba unyevu, unakuja kuumwaga kwa mstari mwembamba. Mimi niko West Side ya Buffalo, ninaweza kuona jua wakati Hamburg na Orchard Park, huko kusini kwako, wanazama. Novemba 2022 Orchard Park walipata karibu mita 2 kwa siku chache. Mita mbili, bandugu! Hakuna mashine ya nyumbani inayoingia kwenye kitu cha namna hiyo kwa mara moja. Unatoka kila baada ya saa chache unapunguza, au unangoja wenye mitambo mikubwa.

Mwezi uliofuata, Desemba 23, ikaja ile dhoruba ya Krismasi. Ile haikuwa theluji tu, ulikuwa upepo. Unanyoosha mkono huoni vidole. Zaidi ya watu 40 walifariki katika kaunti ya Erie, wengine kwenye magari yao, wengine nyumbani baada ya ambulensi kushindwa kufika. Nilikwama kazini zaidi ya siku mbili. Kwa hiyo, Mnyalukolo, kabla ya mashine nunua chakula cha siku nne, maji, dawa, tochi na mablanketi. Kila gari liwe na blanketi lake. Na wakitangaza marufuku ya kuendesha, usitoke hata kama bosi anapiga simu.

Wa Nyeri (Jumanne, saa 1:50 asubuhi)
Pole sana Mama Furaha. Kuhusu ziwa nimekuelewa. Lakini theluji nzito ndiyo hasa inataka petroli. Betri ikilowa baridi inapoteza nguvu katikati ya kazi.

Bin Seif (Jumanne, saa 2:30 asubuhi)
Betri unaiweka ndani ya nyumba, si bandani. Unaitoa ikiwa na joto, unafanya dakika 30 au 40, unarudi ndani kunywa chai huku ikichaji. Hapa Montréal ninayo mwaka wa tatu. Haina kelele ya kuamsha majirani alfajiri, haina petroli ya kuharibika stoo miezi minane.

Lakini nawashangaa, hakuna aliyemuuliza kuhusu tairi. Unaweza kusafisha njia yote ikawa safi kama kanzu ya Idi, ukafika barabarani ukaingia mtaroni. Huku Quebec tairi za winta ni sheria, Desemba 1 mpaka Machi 15. Mpira wa tairi ya kawaida unakuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7, hata kabla theluji haijaanguka. Tafuta yenye alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake.

Wa Nyeri (Jumanne, saa 2:44 asubuhi)
Gari langu linavuta kwa magurudumu yote manne, tairi ni za misimu yote, na sijawahi kukwama.

Bin Seif (Jumanne, saa 2:51 asubuhi)
Kuvuta si kusimama, ndugu yangu. Magurudumu manne yanakusaidia kuondoka. Ukikanyaga breki kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, na hapo kinachokushika ni mpira tu. Hata hao wenye magari makubwa wanaingia mtaroni, kwa sababu waliondoka kwa urahisi wakadhani watasimama kwa urahisi.

Wa Nyeri (Jumanne, saa 3:05 asubuhi)
Huo ni uendeshaji wa mtu, si tairi.

Dada Rehema (Jumanne, saa 6:20 mchana)
Nimesoma yote nikaona hakuna aliyegusa namba 4, basi niseme mimi. Niko Portland, Maine.

Mwaka juzi tulimlipa mtu msimu mzima mwezi wa kumi, dola 400 taslimu, bila karatasi yoyote. Dhoruba mbili za kwanza alikuja. Ya tatu ilianza Jumapili alasiri. Nikapiga simu saa mbili usiku, ikaita tu. Saa tatu, ikaita tu. Mume wangu alikuwa safarini na mimi nilitakiwa kazini alfajiri. Nikavaa, nikachukua koleo, nikaanza mwenyewe. Upepo ulikuwa unatoka kulia, kwa hiyo theluji yote nikawa naitupa kushoto, ukutani mwa nyumba.

Kwenye ukuta ule kuna mabomba mawili meupe ya plastiki, yako kama magotini hivi. Nilikuwa nayapita kila siku bila kujua kazi yake. Ni ya hita ya gesi: moja linavuta hewa, la pili linatoa moshi. Niliyafukia yote mawili kwa mikono yangu, nikaingia ndani nikalala nimechoka kabisa.

Saa tisa usiku kengele ikalia. Nikadhani betri imeisha, nikaibonyeza ikanyamaza. Mwanangu mkubwa akatoka chumbani analalamika kichwa. Ikalia tena. Hapo ndipo nikasoma maandishi yake, na ilikuwa ile ya kaboni monoksaidi, gesi ya sumu. Nikawabeba watoto wote wawili, makoti juu ya nguo za kulala, tukaenda kwa jirani ambaye hatukuwahi hata kuongea naye. Zimamoto wakaja na kipimo chao, wakazima hita, wakafukua mabomba. Mmoja wao aliniambia kwa upole kabisa kwamba gesi ile haina harufu, na kwamba ningelala tena ingekuwa habari nyingine. Mpaka leo nikisikia mlio wowote usiku ninaamka.

Yule mtu hakurudi, na pesa haikurudi. Lakini kinachoniuma si dola 400. Mnyalukolo, leo hii kabla hujanunua chochote, zunguka nyumba utafute mabomba yako yako wapi. Na kila chumba cha kulala kiwe na kengele karibu.

Mama Furaha (Jumanne, saa 6:48 mchana)
Pole, dada yangu. Mungu aliwalinda. Niongeze na bomba la moshi la gari. Ukikwama kwenye theluji, usiwashe injini kabla ya kulifukua.

Mnyalukolo (Jumanne, saa 2:05 usiku)
Dada Rehema, nimesoma mara mbili, na mke wangu nimemsomea. Asante kwa kusema.

Mzee Kibo, futi imetembea. Njia ina mita 25 kwa mita 3. Ni kokoto, na inashuka kidogo kuelekea barabarani. Banda lipo, dogo. Mke wangu anafanya kazi hospitali, anatoka saa kumi na nusu alfajiri. Mimi narudi zamu ya usiku saa mbili asubuhi. Kuhusu koleo, baba mkwe amekuja kutoka Iringa, yuko nasi mpaka mwezi wa nne. Ana miaka 67 na anatumia dawa za presha, lakini ana nguvu, na amesema koleo ni lake, nisihangaike kununua mashine. Kusema kweli ndiyo sababu ya namba 3.

Mzee Kibo (Jumanne, saa 2:17 usiku)
Hapo ndipo ulipopaswa kuanza.

Fuata hesabu hii. Mita 25 mara 3, theluji ya sentimita 30, ni mita za ujazo 22 na nusu. Ikiwa mbichi na nyepesi, kilo 100 kwa kila mita ya ujazo, hiyo ni zaidi ya tani 2. Ikilowa inafika kilo 300 kwa urahisi, ni karibu tani 7. Kwa koleo. Kabla ya alfajiri. Baridi inabana mishipa, presha inapanda, mtu anaziba pumzi akinyanyua, na moyo unadai damu kwa wakati ule ule. Kila winta watu wanakufa hivyo hapa, na wengi ni wanaume wa umri wangu waliojiona wana nguvu. Nami nina 66. Sishiki koleo tena ila kwa ngazi za mlangoni.

Mkwe hamkatazi mkwewe, naelewa. Mwambie kuna mzee wa Marangu huku anamsalimu na anamwomba asitoke. Au mpe kazi ya kumwaga mchanga.

Wa Nyeri (Jumanne, saa 2:40 usiku)
Kokoto! Ungesema tangu jana. Hatua moja haikufai kabisa, itakuwa inarusha mawe madirishani. Chukua ya hatua mbili, shusha vile viatu vya pembeni (vyuma vinavyoteleza chini) ili mdomo wa mashine uinuke sentimita 2 au 3, uache tabaka jembamba chini likandamizwe na magari. Nunua na pini za akiba. Jiwe likiingia pini ndiyo inakatika, na hiyo ndiyo inaokoa giaboksi. Na theluji ya maji ikiziba bomba, usiingize mkono HATA kama umezima. Parafujo linaweza kuwa limejibana, ukilegeza theluji linazunguka mara moja. Jirani yangu alipoteza vidole viwili. Tumia kile kijiti kinachokuja nayo.

Bin Seif (Jumanne, saa 3:00 usiku)
Kwenye kokoto na mteremko nakubaliana na wa Nyeri. Betri sikusukumi. Tairi bado nakusukuma.

Dada Rehema (Jumanne, saa 3:12 usiku)
Swali: mtu wa greda anafika saa ngapi? Wengi huanza saa kumi na wana nyumba 30 au 40. Mke wako anatoka saa kumi na nusu. Na kwenye kokoto greda litakokota nusu ya njia mpaka kwenye majani. Ukimchukua, muwe na karatasi: afike saa ngapi, theluji ikifika kiasi gani, na mlipe kwa mwezi.

Mama Furaha (Jumanne, saa 3:30 usiku)
Mke aegeshe gari lake chini, karibu na barabara, liangalie nje. Hapo unasafisha mita 6 tu, si 25. Kisha kuna ukuta wa greda la mji, ule unaobaki mdomoni mwa njia likishapita. Simama ukiangalia barabara. Theluji yako weka upande wa kulia. Upande wa kushoto, kabla ya njia yako, safisha ukingoni kama mfuko mdogo. Greda linatoka kushoto, linamwaga mzigo pale kabla ya kukufikia. Na usisukumie theluji barabarani, sheria ya New York inakataza.

Wa Nyeri (Jumanne, saa 3:34 usiku)
Hiyo ya mfuko sijawahi kuisikia. Nitaijaribu.

Asha wa Calgary (Jumatano, saa 4:15 asubuhi)
Samahani kuingilia. Chumvi ya kawaida mbona kwangu haiyeyushi? Namwaga mfuko mzima.

Mzee Kibo (Jumatano, saa 5:02 asubuhi)
Chumvi ya kawaida ikipita nyuzi 9 hasi inachoka. Kwa baridi yenu tafuta kloridi ya kalsiamu, au mwaga mchanga upate kushika tu. Na chumvi ni ya barafu, si ya theluji. Theluji unaiondoa kwanza. Barafu nyembamba juu ya lami ndiyo adui, maana huioni.

Asha wa Calgary (Jumatano, saa 5:10 asubuhi)
Asante mzee. Na viatu vya watoto mnanunua ukubwa ule ule au mnaongeza namba?

Dada Rehema (Jumatano, saa 5:25 asubuhi)
Ongeza namba moja, soksi nene ziingie. Kikibana damu haipiti na mguu unaganda upesi zaidi.

Mnyalukolo (Alhamisi, saa 1:20 usiku)
Wakuu, utabiri unasema mstari wa ziwa utashuka kwetu usiku wa leo, sentimita 25 mpaka 40, na duka nimelikuta mashine za hatua mbili zimeisha. Wanasema nyingine zinakuja Jumamosi. Jamaa wa pikapu amekubali kulipwa kwa kila mara, lakini hataki kuandika saa. Kwa leo tuna koleo mbili, mifuko minne ya mchanga, unga kilo 10 na maharage. Gari la mke liko chini, linaangalia barabara. Kesho siko kazini, nitashika koleo mwenyewe. Baba mkwe nimempa salamu za Mzee Kibo. Amezipokea, amenyamaza, ameuliza mchanga uko wapi.

Dada Rehema (Alhamisi, saa 1:26 usiku)
Mabomba umeyaona?

Mnyalukolo (Alhamisi, saa 1:31 usiku)
Nyuma ya stoo, upande ambao ningetupia theluji. Nimechomeka vijiti viwili virefu na kitambaa chekundu.

Bin Seif (Alhamisi, saa 1:40 usiku)
Na tairi?